Mambo ya Nyumbani: Tawi Lililovuka Ua



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni kupogoa miti ya nyumbani, yaani kupunguza matawi ya mindimu, mikomamanga, mipera, mihina na miwaridi tuliyoipanda uani na ubavuni mwa nyumba zetu. Huenda msomaji akasema, "Jambo hili lina nini na dini? Hii ni kazi ya mwenye panga." Sisi nasi tulikuwa na maneno hayo hayo, mpaka mti wetu wenyewe ulipotutia adabu. Habari yenyewe ina aibu kwetu, lakini twaisimulia ili mwenzetu asiinunue kwa bei tuliyoinunua sisi.

Sisi twakaa Tanga, katika mtaa ambao nyumba zake zimekaribiana sana. Nyuma ya nyumba yetu pana kichochoro chembamba, cha kupishana watu wawili kwa shida. Ndani ya ua wetu, karibu na ukuta wa kichochoro hicho, tulipanda mndimu. Mti ulikubali, ukazaa, na kila Ramadhani jirani zetu walikuja kuomba ndimu za futari, nasi tukafurahi mno kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandapo mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Tukajihesabia sadaka zetu. Matawi yakapanda juu ya ukuta, yakavuka, yakainamia kichochoroni. Hatukuyagusa. Tuliona kuwa kuukata mti uzaao ni kukufuru neema.

Asubuhi moja ya Jumamosi, kiza hakijaondoka vizuri, watoto walikuwa wakija chuoni baada ya swala ya Alfajiri. Mmoja wao, mtoto wa miaka saba, alikuja mbio kwa kuchelea kuchelewa, na mwiba wa mndimu wetu ukampasua kope ya jicho la kulia. Aliletwa mlangoni petu uso wote damu. Tulimpeleka hospitali, na daktari akatuambia kwamba lau mwiba ungeingia kiasi cha punje moja ya mchele zaidi, jicho lingepotea.

Tuliporudi tuliwauliza wale watoto wengine, "Mbona ninyi hamkuumia?" Wakajibu kwa pamoja, kama wanaosoma somo walilolihifadhi, "Sisi huinama, Maalim. Kila mtu huinama pale."

Tukatoka kwenda kutazama. Ni kweli, wasomaji wetu. Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kuinama mbele ya mndimu wetu. Sisi hatukujua, kwa sababu sisi hutoka kwa mlango wa mbele. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye macho yake yamepungua nuru, alikuwa ameacha kabisa kupita kichochoroni, akawa azunguka kwa barabara ya magari kila aendapo kwa binti yake. Tulikwenda kumwamkia na kumwomba radhi, tukamwuliza, "Bibi, kwa nini hukutuambia?" Akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe utufundishiaye watoto. Nani angeanza?"

Baba wa mtoto naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitupokea vizuri, akasema, "Ni kadari ya Mungu, Maalim, usijisumbue." Yeye kusema hivyo ni katika ukarimu wake. Lakini sisi hatukuwa na haki ya kujifunika kwa neno hilo. Kadari hutajwa na aliyefikwa na msiba akasubiri. Haitajwi na mzembe ili akwepe lawama.

Usiku ule hatukupata usingizi. Mara ngapi tumewasomesha watoto kwamba imani ina matanzu zaidi ya sitini, la juu kabisa ni kushuhudia kuwa hapana Mola apasaye kuabudiwa ila Mwenyezi Mungu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani? Mara ngapi tumewasimulia habari ya yule mtu aliyeona tawi la miiba njiani akaliondoa, Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa kitendo hicho na akamsamehe madhambi yake? Na kuna habari nyingine, aliyoipokea Imamu Muslim, ya mtu aliyeonekana akijinafasi Peponi kwa sababu ya mti aliokuwa ameukata, uliokuwa ukiwaudhi watu njiani. Hadithi hizi tulizijua kwa moyo, na mwiba ulikuwa wetu.

Sasa sikilizeni kosa la pili, ambalo lilizaliwa na lile la kwanza. Kulipokucha tulichukua panga kwa hasira na haya, tukaukatakata ule mndimu. Ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka. Tulikata matawi ya kichochoroni na yasiyo ya kichochoroni, tukaacha shina na vigutu vitatu virefu vimesimama kama vidole. Tukajiona tumetubia.

Baada ya majuma machache gome la upande wa jua likakauka na kupasuka. Vigutu viwili vikaanza kuoza toka nchani. Tukamwita mzee mmoja aliyetunza michungwa huko Muheza kwa miaka mingi, maana Muheza ni nchi ya machungwa na watu wake wanaijua miti ya jamii hii. Mzee akauzunguka mti mara mbili bila kusema. Kisha akauliza, "Maalim, mti huu ulikukosea nini?" Tukamweleza. Akasema, "Basi hukuupogoa. Umeupiga."

Neno hilo lilituingia, na walimu wenzetu pamoja na wazazi watalielewa bila ya sisi kulifafanua sana. Kuna aliyeacha mpaka udhia ukatokea, kisha akaadhibu kwa hasira akidhani anarekebisha. Mti haukujua kwamba tawi lake lilikuwa limevuka mpaka. Mwenye kujua alikuwa sisi.

Haya ndiyo aliyotufundisha mzee yule, pamoja na tuliyoyasoma baadaye na kuyajaribu wenyewe. Tumeyapanga ili kila nyumba iyatumie.

Kwanza ni wakati. Usipogoe mti wakati wa jua kali wala wakati wa mvua nyingi. Katika jua kali, gome lililozoea kivuli cha majani huungua likifunuliwa ghafula, kama ilivyotokea kwetu. Katika masika, majeraha ya mti hukaa na maji, na ukungu huingia. Kwa mwambao wetu, wakati mzuri kwa miti mingi ya matunda ya jamii ya michungwa ni kipupwe, baada ya kuvuna, siku iliyo kavu. Tawi lililokufa au lenye kuhatarisha watu halingoji majira. Hilo huondolewa siku lionekanapo. Na ikiwa kwa dharura shina limefunuliwa juani, lipakwe chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji, ili mwanga urudi na gome lisiungue.

Pili ni chombo. Panga ni la kufyekea, si la kupogolea, kwani huchana na kuponda. Matawi membamba yakatwe kwa mkasi wa bustani, na manene kwa msumeno. Chombo kiwe kikali na kisafi. Ukitoka kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mti mzima, kisafishe kwanza kwa spiriti au kwa maji yanayochemka, maana ugonjwa wa mti nao hupelekwa kwa kisu.

Tatu, jua unachokikata. Mzee alituambia tuanze na vitu vitatu kabla ya kufikiri kingine chochote: lililokufa, lililo gonjwa, na lile linalosuguana na mwenzake. Mara nyingi ukimaliza hayo matatu, kazi imekwisha. Kisha tazama machipukizi yale yanayopanda wima kwa haraka, mororo, yenye miiba mirefu. Hayo katika mindimu na michungwa hunywa maji mengi na kuzaa kidogo, basi punguza. Kama mti wako ni wa kubebeshwa, ondoa kila kitokacho chini ya kiungo, kwa kuwa hicho ni cha mti wa chini na si cha ule ulioutaka. Watu wengi wamelalamika kwamba mchungwa wao "umegeuka" ukazaa malimau makali. Aghalabu haukugeuka, bali waliacha mlimau uliobeba mchungwa upande na kumfunika mwenziwe.

Nne ni mahali pa kukata, na hapa ndipo wengi hukosea. Tazama tawi linapotoka shinani: utaona limevimba kidogo, kama pete. Pete hiyo ni mali ya shina, wala si ya tawi, na ndani yake mna nguvu ya kuufunga mlango wa jeraha. Kata nje kidogo ya pete hiyo. Ukikata ndani yake ukaisawazisha na shina, umejeruhi shina lenyewe. Ukiacha kigutu kirefu, kitakufa na kuoza, na uozo utashuka ndani. Mtaalamu mmoja wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani yake yanayotokea baada ya kukatwa. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona. Sehemu iliyojeruhiwa hubaki pale pale, nao mti hujenga ukuta kuizunguka na kuendelea kukua kwa nje. Kwa hiyo ile desturi ya kupaka rangi au lami juu ya jeraha haina faida iliyodhaniwa. Faida i katika kukata mahali pake.

Tano, tawi zito lisikatwe kwa mkato mmoja, maana litaanguka na kuchuna gome la shina mpaka chini. Kata kwanza kwa chini, kiasi cha shubiri moja kutoka shinani, msumeno uingie theluthi tu ya unene wake. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya mkato ule, mpaka tawi lianguke. Mwisho ondoa kile kipande kilichobaki, kwenye pete tuliyoitaja.

Sita ni kiasi. Usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mara moja. Majani ndiyo jiko la mti. Mwenye kumnyang'anya mtu jiko lake asimlaumu kwa njaa. Mti uliokatwa kupita kiasi hutoa machipukizi mengi dhaifu kwa wahaka, na kazi yako ya mwaka ujao huwa maradufu.

Kila mti una tabia yake, nasi tutaitaja michache ya majumbani mwetu. Mkomamanga hupenda kutoa maotea mengi chini. Uachie mashina matatu mpaka matano na uondoe mengine, wala usikate ncha zote, kwa kuwa matunda hutokea kwenye vitawi vifupi vya matawi yaliyokomaa. Mpera huzaa juu ya machipukizi mapya, kwa hiyo ukipogolewa kidogo baada ya mavuno hukushukuru. Mkunazi vile vile huzaa kwenye matawi mapya, tena una miiba, basi usiache ukaenea njiani. Mstafeli huzaa hata shinani na kwenye matawi makongwe, usiushike sana. Mhina hustahimili kukatwa, na wanawake wetu wanaovuna majani yake wamekuwa wakiupogoa vizazi na vizazi bila kuita kazi hiyo kwa jina lolote. Mwaridi hukatwa juu kidogo ya kijicho kinachotazama nje, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Yasmini ipogolewe ikishamaliza kutoa maua. Na mwenye ua wa minyaa ajihadhari sana: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya. Asikate upepo unapomvumia usoni, avae miwani, na watoto wakae mbali.

Tukija kwenye haki ya jirani, yatupasa tujue kwamba wanachuoni hawakuliacha jambo hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wayafuatayo Waislamu wengi wa mwambao wetu, matawi ya mti yakienea hewani mwa jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Akikataa, jirani anaweza kuyapinda yarudi kwa mwenyewe. Na ikiwa hayapindiki, ana haki ya kuyakata. Ama matunda yaliyo juu ya tawi hilo hubaki kuwa mali ya mwenye mti. Hii ndiyo sheria, nayo ni uadilifu kwa pande zote mbili.

Lakini ndugu zetu, sheria ni mpaka wa mwisho. Mbele yake kuna wema. Mwenye mti asingoje kuambiwa. Kila baada ya miezi mitatu atoke, azunguke nyumba yake kwa nje, apite njia wanayopita wenzake, tena apite kiza kikiwa kimeingia, na apite kwa kimo cha mtoto na kwa kimo cha mtu mrefu aliyejitwika. Kama ni lazima yeye ainame, basi na alete mkasi. Na jirani naye asinyamaze kwa kumwonea haya Maalim au mzee au tajiri. Haya ni tanzu la imani, lakini haya inayoacha mtoto apoteze jicho imepotea njia. Aende mchana, abishe hodi, aseme kwa upole, "Ndugu yangu, mti wako umetufikia." Hapana tusi katika maneno hayo.

Kabla ya kupandisha msumeno, tazama viota. Imepokewa kwamba masahaba walipochukua makinda ya ndege mmoja safarini, na mama yao akawa anapigapiga mbawa, Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha warudishiwe. Ukikuta kiota chenye makinda, ngoja majuma machache mpaka waruke. Matawi hayatakimbia.

Na uliyoyakata usiyatupe kichochoroni, ukawa umeondoa mwiba hewani na kuuweka chini ya nyayo. Matawi ya miiba yafungwe mafungu na kuondolewa. Majani yasiyo na ugonjwa yatandazwe chini ya mti, mbali kidogo na shina, yahifadhi unyevu. Yaliyo magonjwa yachomwe, lakini si wakati jirani ameanika nguo zake.

Vijana wetu, kazi hii ni yenu zaidi kuliko ya wazee. Mna macho, mna mikono, mnaweza kupanda ngazi. Kijana anayeshinda barazani Ijumaa yote akilalamika kuwa hana la kufanya, na nyuma ya nyumba yao tawi linawachoma wapita njia, amekosa thawabu iliyo karibu naye kuliko viatu vyake.

Mtatuuliza, na mndimu wenu umekuwaje? Vigutu viwili vilikufa, tukaviondoa kama mzee alivyotuonyesha. Kimoja kilibaki. Tulipaka shina chokaa, tukaulea mti kwa miaka miwili bila kuukata tena. Sasa una matawi manne mazuri, yote ndani ya ua, na umezaa tangu mwaka juzi. Ndimu za kwanza tulizipeleka kwa yule bibi. Alizipokea, akazinusa, akasema, "Sasa napita nyuma, mwanangu."

Yule mtoto ana kovu dogo juu ya kope. Ameshavuka Juzuu Amma na anaendelea vizuri. Kila kipupwe tunapouzunguka mti kuutazama, yeye ndiye anayetushikia ngazi, na kabla hatujashuka hutuuliza kama tumetazama upande wa nje.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyajua na tuliyoyafumbia macho, atujaalie kuwa jirani wasiohofiwa, na aibariki miti yetu iwe sadaka kwetu na wala isiwe hoja juu yetu siku ya hesabu. Amin.